Kliniki ya Watu Wazima Wasiotulia

Watu wazima wenye ADHD, hali ya kukosa umakini na utulivu, hawaji kliniki kwa sababu ya ADHD. Huja kwa sababu kodi ya nyumba imepita tarehe tano tena, kwa sababu mkopo wa Fuliza umemeza mshahara kabla haujashikwa, kwa sababu bosi amesema subira yake imekwisha. Mmoja aliletwa na mkewe baada ya kuacha mfereji wazi siku ambayo maji yalikuwa yamekatika. Alienda kazini, maji yakarudi saa nne asubuhi, yakapita chini ya mlango na kumshukia jirani wa ghorofa ya chini juu ya godoro. Anayeishi Tassia, mtaa wetu wa ghorofa hapa Nairobi, anaelewa kisa hicho bila kuongezewa neno. Maji yetu yana siku zake, nyumba zimepandana hadi angani, na kosa la mpangaji mmoja hulowesha wengine.

Mimi ni nesi wa afya ya akili. Nilisomea uuguzi katika chuo cha KMTC, nikafanya kazi wodini, halafu nikarudi darasani kusomea magonjwa ya akili. Sasa niko kwenye kliniki ndogo ya kibinafsi karibu na barabara ya Outering, ambako daktari bingwa huja siku moja kwa wiki. Siku zilizobaki ni mimi, mashine ya presha, mzani na simu. Kwenye cheti changu hakuna neno ADHD. Baraza la Wauguzi linanitambua kama muuguzi wa afya ya akili, basi, na huyo anatarajiwa kumhudumia mwenye kifafa, mwenye huzuni, mlevi, mama aliyejifungua na kijana anayesikia sauti. Lakini miaka michache iliyopita nilianza kuona kwamba kuna kundi la wagonjwa ambao daktari humaliza kazi yake kwao kwa saa moja, na yangu ndiyo kwanza huanza hapo.

Nitamweleza mmoja, ambaye ameniruhusu kumsimulia nikimficha jina. Ni fundi wa aluminiamu, wa kutengeneza madirisha na milango. Ukimpa bomba na msumeno utampenda. Lakini alikuwa akienda kupima dirisha mtaa wa Utawala, anaandika vipimo kwenye kiganja, anapokea simu, anapitia kwa rafiki, ananawa mikono, na jioni anakata kwa kukisia. Fremu zilizokataliwa na wateja zilikuwa zimeegemea ukuta wa karakana yake kama maonyesho. Alikuwa na miaka 36 na alikuwa ameajiriwa na kufukuzwa mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Alipokuja alitaka dawa ya usingizi, maana madeni yalikuwa yanamkeshesha.

Nilipomwambia huenda tukahitaji kuchunguza akili yake inavyofanya kazi, aliinuka. "Sista, mimi si mtu wa Mathari." Jibu hilo nimelizoea. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910, na kwa zaidi ya karne moja jina lake limetumika mitaani kama tusi, hata na watu ambao hawajawahi kuliona lango lake pale Thika Road. Nilimwacha asimame. Nikamuuliza kama mama yake yu hai na kama ana nambari yake.

Swali hilo halikuwa la kumtuliza. ADHD haimwanzii mtu akiwa na miaka thelathini. Kwa vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013, lazima dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na lazima zionekane mahali zaidi ya pamoja, si kazini tu ama nyumbani tu. Mtu mzima hawezi kuwa shahidi mzuri wa utoto wake. Kwa hiyo lazima mtu apige simu kijijini, na daktari mwenye wagonjwa kumi na watano kwenye benchi hana nafasi hiyo. Nesi anayo, au huitafuta.

Mama alipokea akiwa shambani Kakamega. Tulisalimiana kwa kirefu, nikajitambulisha, nikamwambia mwanawe yuko salama. Nikamuuliza alikuwa mtoto wa namna gani.

"Daktari, huyo?" Akacheka kabla ya kujibu. "Nilikuwa namtuma posho mill asubuhi, jioni nampata mtoni. Mahindi ameyaacha kwa mwenye mashine, na gunia halijulikani liko wapi."

"Na shuleni, mama?"

"Walimu walimchapa mpaka wakachoka wao. Lakini si mjinga, daktari. Andika hapo kwamba si mjinga."

Niliandika. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Fundi wangu alikuwa ameshapokea fungu lake lote. Wiki mbili baadaye mama alituma ripoti za shule ya msingi kwa basi, zimefungwa kwenye mfuko wa unga. Muhula baada ya muhula walimu tofauti walikuwa wameandika jambo lile lile: ana uwezo, hatulii, hamalizi kazi, amepoteza vitabu. Ripoti zile zilimsaidia daktari kuliko kipimo chochote cha damu. Na fundi mwenyewe alizisoma zote akiwa ameketi kwenye benchi letu, akarudia kurasa mbili, kisha akasema kwamba maisha yake yote alidhani walimu hawakuwahi kuona uwezo wowote ndani yake.

Nilipokuwa mwanafunzi, hali hii ilifundishwa chini ya magonjwa ya watoto, kwa haraka, tukahamia kwa mengine. Wazo lililotawala lilikuwa kwamba mtoto hukua na kuiacha, jinsi anavyoacha kunyonya kidole. Leo inajulikana kwamba wengi huingia nayo utu uzimani, ila sura inabadilika. Kurukaruka hupungua, kutotulia kunahamia ndani, na kinachobaki ni kusahau, kuahirisha, kukatiza wenzako maneno, kununua bila kufikiri, kuanza mambo saba na kumaliza moja. Tafiti za kimataifa zinakadiria kwamba watu wazima wapatao wawili au watatu katika kila mia wanayo. Hesabu hiyo ilete kwenye ghorofa moja ya Tassia, yenye vyumba themanini, halafu utembee mtaa mzima ukihesabu ghorofa.

Uchunguzi ulipokwisha na daktari akaamua, tulifika kwenye dawa, na hapa ndipo watu hudhani mambo yamekwisha. Methilifenideti, dawa inayotumika zaidi, iko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Haiuzwi kama panadol. Huandikwa na daktari, huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole, na katika kila hatua lazima mtu apime presha na mapigo ya moyo, apime uzani, aulize kuhusu usingizi, hamu ya chakula na hasira. Mtu huyo ni mimi.

Kabla ya dozi ya kwanza, mapigo ya fundi yalikuwa 108 akiwa ameketi kimya. Nikamuuliza ametafuna nini. Akatazama dirisha, ambalo bila shaka alikuwa ameshaona limefungwa vibaya.

"Muguka kidogo tu, sista. Bila muguka siwezi kukata bomba likatoka sawa."

Wengine wangeandika kwenye faili kwamba mgonjwa anatumia mihadarati na kumrudisha nyumbani. Mimi naona alikuwa amenipa habari kubwa bila kujua. Majani ya muguka yana kathinoni, iliyo katika ukoo mmoja na amfetamini. Kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa amejitafutia tiba kwenye karatasi ya nailoni, ya shilingi hamsini hamsini, bila kipimo wala mtu wa kumwangalia moyo. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, mjadala wote ulihusu wakulima wa Embu kwa upande mmoja na vijana walioharibika kwa upande wa pili. Sikusikia mtu akiuliza ni nani kati ya wale vijana alikuwa anatafuna ili aweze kutulia. Sisemi ni wengi. Nasema swali hilo lina mahali pake kwenye chumba cha nesi, kwa sababu muguka na methilifenideti vikikutana kwenye mwili mmoja, moyo ndio unaolipa. Ilichukua wiki kadhaa kumshusha hadi akaacha. Tulianza dawa mapigo yalipokuwa yamerudi chini ya tisini.

Kisha likaja tatizo ambalo hakuna kitabu nilichosoma kililieleza vizuri. Dawa ya bei nafuu hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo alihitaji dozi ya asubuhi na ya mchana. Dawa ya kumsaidia msahaulifu ilimtaka asisahau. Kengele ya simu aliizima akiwa juu ya ngazi na haikumrudia tena akilini. Mkewe alimpigia, akamjibu "sawa" na kuendelea kuchimba. Nilienda karakana nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikatazama siku yake inavyokwenda. Kila siku, saa saba kasoro, mama wa chapo madondo alipita na sufuria zake, na hakuna fundi aliyewahi kumsahau huyo. Tukaifunga dozi ya mchana kwenye chapati. Kwanza sahani, halafu kidonge. Hilo lilitatua na jambo la pili, kwa kuwa dawa hii huondoa njaa, na alikuwa ameanza kupungua uzani.

Sijui daktari gani angepata muda wa kukaa kwenye ile ndoo. Simlaumu. Madaktari wa akili nchini ni wachache, wengi wako Nairobi, na hata hapa Nairobi foleni yao haiishi.

Mwenzangu niliyesoma naye yuko kaskazini mwa Uingereza. Alikwenda baada ya Kenya na Uingereza kutia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, na sasa yuko kwenye timu ya ADHD ya watu wazima. Yeye ndiye nesi wa ADHD halisi, mwenye cheo na maelezo ya kazi. Huko, nesi aliyepata mafunzo ya ziada anaweza kuandika dawa zenyewe. Tangu mwaka 2012 ruhusa hiyo inajumuisha hata dawa zinazodhibitiwa. Mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi ya huko inayoandika miongozo ya tiba, unataka presha na mapigo vipimwe kabla na baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila miezi sita. Mimi na yeye huongea Jumapili usiku. Mwanzoni nilimwonea wivu.

Wivu ulipungua alipoanza kunieleza foleni. Kuna maeneo ambako mtu mzima husubiri miaka kabla ya kuonwa. Na mwishoni mwa 2023 dawa ziliadimika Uingereza nzima, akawa anashinda akipigia maduka simu akiuliza nani amebaki na pakiti ngapi. Nilicheka, kwa kuwa siku hiyo nami nilikuwa nimezunguka maduka ya mjini hadi soli zikachoka, nikimtafutia mwalimu mmoja dawa ambayo mara ipo, mara haipo. Shirika la Afya Duniani liliombwa liingize methilifenideti kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, likakataa. Likaombwa tena 2021, likakataa. Serikali nyingi hutazama orodha hiyo zinapopanga ununuzi. Mgonjwa wangu hulipa kutoka mfukoni, na mfuko wenyewe, kwa asili ya ugonjwa, umetoboka.

Nilimuuliza mwenzangu ni kipi kati ya yote anayofanya kinachowasaidia wagonjwa zaidi. Nilitarajia aseme kuandika dawa. Alisema ni kupiga simu siku ya tatu baada ya dozi mpya, kabla mtu hajakata tamaa na kuitupa. Simu ya siku ya tatu hata mimi ninayo.

Usidhani wagonjwa wangu wote ni wanaume wanaokata mabomba vibaya. Mwalimu mwingine, wa chekechea kutoka mtaa wa Pipeline, alikuja kwa ajili ya mwanawe wa darasa la pili. Nikawa namsomea maswali kuhusu mtoto, hupoteza vitu, haonekani kusikia anaposemeshwa, huacha kazi katikati, naye akawa anajibu ndiyo, ndiyo, kwa sauti inayozidi kushuka. Mwishoni akauliza kama mtu mzima anaweza kujibu maswali hayo hayo. ADHD hurithiwa kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo mzazi anayejitambua kwenye fomu ya mtoto ni jambo la kutarajiwa. Wasichana hawaruki madirisha ya darasa. Huketi nyuma wakiota, wanaitwa wapole, na hakuna anayewapeleka popote. Yeye alikuwa na sufuria tatu zilizoungua chini ya kitanda na hofu kubwa ya kubishiwa hodi, asije mgeni akaona nyumba. Alikuwa bado ananyonyesha, akaamua kusubiri kuhusu dawa, na daktari akakubaliana naye. Tulifanya kazi bila kidonge: tokeni za umeme zinunuliwe siku ile ile ya mshahara, kodi itumwe kabla ya kitu kingine chochote, jiko lisiwashwe mpaka amevuta kiti jikoni na kuketi. Rafiki wa chama chake huja Jumamosi wanakunja nguo pamoja. Peke yake hazikunjiki.

Na wapo ambao hawana ADHD. Hawa wameongezeka tangu TikTok ianze kufundisha udaktari. Hujaza yale maswali sita ya kujipima, yaliyotengenezwa na watafiti pamoja na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2005, halafu huja wakiwa wameshajihukumu. Maswali ni mazuri. Yanasema tu nani achunguzwe. Soja mmoja alipata alama zote; alikuwa analinda godauni la Industrial Area usiku na kuuza mitumba mchana, analala kwa saa tatu au nne tu. Nani asingesahau? Mwendesha bodaboda alikuwa na umakini mzuri hadi siku aliyopigwa na lori akaangukia kichwa lamini. Mama mmoja alikuwa na tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, na mikono yake ilitetemeka mbele yangu. Ninajivunia niliowarudisha bila ADHD kuliko niliowapata nayo. Cheo cha nesi wa ADHD kikija Kenya, kisiwe cha mtu wa kugawa jina hilo kwa kila anayebisha.

Lakini kije. Wakubwa wa afya wakisikia hoja hii hujibu kwamba ni anasa ya nchi tajiri. Nawaomba wakumbuke ukimwi. Nilianza kazi wakati kliniki za ukimwi, zinazoitwa CCC, zimeshaenea, na niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifundisha ninayoyafanya leo. Mgonjwa wa dawa za maisha hakuwa anangoja profesa. Alikuwa na nesi aliyemjua, aliyepima uzani, aliyeuliza nani nyumbani anajua, aliyempigia asipotokea siku yake. Wizara ya Afya iliandika sera ya kugawana majukumu kati ya wahudumu mwaka 2017. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, ikazipa kaunti wajibu wa kupeleka huduma hizi karibu na watu. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja walikabidhiwa mikoba, na ndani ya mikoba mlikuwa na mashine ya presha. Mashine hiyo inapita kwenye ngazi za ghorofa zetu kila wiki. Haijawahi kuambiwa imtafute fundi aliyepandishiwa dozi juzi.

Ninachoiomba Kaunti ya Nairobi ni kidogo. Nesi mmoja wa afya ya akili katika kituo cha afya cha Embakasi, alasiri moja kwa wiki, kwa ajili ya watu wazima wenye ADHD na wanaoshukiwa kuwa nayo. Apewe muda wa kupiga simu kijijini, nauli ya kufika karakanani, daktari anayepokea simu yake, na mhudumu wa jamii wa kumpimia presha katikati ya miadi. Uchunguzi mgumu na kuandika dawa vibaki kwa daktari hadi sheria iseme vingine. Wauguzi wenye mafunzo ya akili wapo. Baadhi yao hivi sasa wamepangwa kwenye chanjo, na wengine wanajaza fomu za Uingereza.

Na wewe unayesoma ukijiona kwenye mistari hii, usianze na duka la dawa wala na TikTok. Tafuta nesi wa afya ya akili aliye karibu nawe. Nenda na ripoti zako za shule kama panya hawajazila, na nambari ya mtu aliyekulea. Asubuhi hiyo kunywa uji, usitafune kitu kingine.